Janga halifuti kodi, wala halifuti haki ya mpangaji

Mwishoni mwa Machi 2020, majuma mawili hivi baada ya kisa cha kwanza cha korona kuthibitishwa nchini, nilipigiwa simu na mwalimu wa shule moja ya msingi ya kibinafsi. Alikuwa mpangaji wetu katika ploti ya vyumba sita ambayo marehemu baba alituachia viungani mwa mji wa Nakuru. "Daktari," aliniambia baada ya kunijulia hali, "nimesikia redioni kwamba serikali imetusamehe kodi. Je, ni pamoja na hii kodi yetu ya nyumba?"

Nilicheka. Kisha, kwa kuwa riziki yangu naipata kwa kufundisha isimu, nikampa somo ambalo hakuwa ameliomba. Nilimweleza kuwa neno kodi ni moja lakini maana zake ni mbili: kuna kodi anayotozwa raia na serikali, ambayo wengi wetu huiita ushuru, na kuna kodi ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Iliyosamehewa ni ile ya kwanza, tena kwa wale ambao mshahara wao hauzidi Sh24,000 kwa mwezi. Ya pili ilikuwa pale pale. Alinishukuru kwa adabu na kukata simu.

Leo nikikumbuka mazungumzo yale naona haya. Shule yake ilikuwa imefungwa katikati ya mwezi huo na mwajiri wake alikuwa amemwarifu kuwa hakuna mshahara. Mtu asiyekuwa na mshahara hana ushuru wa kusamehewa. Nafuu iliyotangazwa ilimpita kando, nami nilimpa darasa la msamiati.

Hata hivyo, swali lake halikuwa la kijinga. Lugha yetu ina historia yake. Wakoloni walipoanza kutoza kila boma ushuru kwa hesabu ya vibanda vyake mwanzoni mwa karne ya 20, malipo hayo nayo yaliitwa kodi. Babu zetu walilipa kodi ya nyumba walizojenga wenyewe juu ya ardhi yao wenyewe. Mtu aliyezaliwa katika historia hiyo akisikia kuwa "kodi imesamehewa", ana haki ya kuuliza ni ipi. Na swali lililokuwa nyuma ya swali lake lilikuwa zito zaidi: sheria inasema nini juu ya mpangaji ambaye hakukataa kulipa, bali amezuiwa na janga asipate cha kulipa?

Sikujua jibu. Nilifunzwa jibu hilo na mlango.

Nairobi na viunga vyake vilifungwa kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7, 2020, na hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka. Nilikuwa ndani. Mama, ambaye hutegemea ploti ile kwa chakula na dawa zake, alimwachia wakala kazi ya kukusanya kodi. Vizuizi vilipoondolewa nilisafiri kwenda kumwona. Nilipofika ploti, nilikuta chumba cha yule mwalimu hakina mlango. Pazia la kitenge lilikuwa limetundikwa mahali pa mbao. Wakala alikuwa ameung'oa siku mbili kabla na kuuegemeza kwenye choo, ili mpangaji "aone haya na kuhama". Usiku, kafyu ilipoanza saa tatu, mwanamke yule na wanawe wawili walilala nyuma ya pazia.

Deni lake lilikuwa la miezi mitatu: Aprili, Mei na Juni. Chumba kilikuwa Sh4,500. Jumla ni Sh13,500. Wakala aliponiona nimekasirika alinijibu kwa methali: "Dawa ya deni ni kulipa." Ndugu msomaji, methali hiyo ni ya kweli. Lakini hakuna mahali wahenga waliposema kuwa dawa ya deni ni kung'oa mlango.

Tangu siku hiyo nimesoma sheria zetu za upangaji kwa bidii ya mtu mwenye hatia. Mimi si wakili, na anayekabiliwa na kesi amwendee wakili. Ila niliyoyapata yanasomeka na mtu yeyote mwenye subira, na nadhani walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wanayahitaji, kwa kuwa wengi wao ni wapangaji, na wachache, kama mimi, ni wapangaji huku na wenye nyumba kule.

Jambo la kwanza ni kwamba hatuna sheria moja, bali tuna utitiri. Kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliyotungwa mwaka wa 1959. Kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, ya mwaka wa 1965. Kuna sheria ya kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, tuliyorithi kwa Waingereza. Kisha kuna Sheria ya Ardhi ya 2012, ambayo nayo ina sehemu nzima juu ya ukodishaji.

Sheria ile ya 1959 ndiyo yenye huruma kubwa zaidi kwa mpangaji wa nyumba ya kuishi. Inamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji pasi na amri ya baraza maalumu lililoundwa kwa kazi hiyo. Inaharamisha kumsumbua mpangaji kusudi ahame. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa miongo mingi iliyopita, wakati ambapo pesa hizo zilipangisha nyumba ya heshima mjini. Janga lilipoingia, hata chumba kimoja cha kuta za mawe katika miji yetu kilikuwa kimekwisha kuuvuka mpaka huo. Mwalimu wetu, kwa Sh4,500 zake, alihesabiwa na sheria hiyo kuwa tajiri asiyehitaji ulinzi wake.

Je, basi alikuwa uchi mbele ya sheria? La, hasha. Sheria ya Ardhi inamlinda kila mpangaji. Kama kodi hulipwa kila mwezi na hapana mkataba wa muda maalumu, atakaye kuukatisha upangaji, awe mwenye nyumba au mpangaji, sharti atoe ilani ya mwezi mmoja. Isitoshe, maadamu mpangaji anatimiza masharti yake, mwenye nyumba ana wajibu wa kumwacha akae kwa utulivu. Na hata mpangaji akiyavunja, kwa mfano kwa kutolipa, kuna njia ya ilani na ya mahakama ya kufuatwa kabla ya kumwondoa, na mahakama ina uwezo wa kumpa nafuu. Aliyeng'oa mlango, aliyeezua bati, aliyekata maji au aliyetia kufuli juu ya kufuli ya mwenziwe, hakufuata njia hiyo. Alijifanya hakimu katika kesi yake mwenyewe.

Vivyo hivyo kuhusu mali. Sura ya 293 inampa mwenye nyumba ruhusa ya kukamata vitu vya mpangaji ili kufidia kodi, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali aliyeidhinishwa, kwa utaratibu uliowekwa. Haifanywi na wakala wala mlinzi wa ploti. Jina la sheria hiyo kwa Kiingereza limebeba neno ambalo msomaji wa kawaida hulielewa kuwa ni dhiki. Wanasheria wana maana yao nyingine ya kale, lakini sijaona tafsiri bora kuliko ile ya mtaani. Na inafaa kujua kuwa Uingereza, tulikoirithi desturi hiyo, iliifutilia mbali mwaka wa 2014 kwa upande wa nyumba za kuishi. Mrithi angali amevaa koti ambalo mwenyewe amelitupa.

Sasa turejee kwenye swali la mwalimu: je, janga linafuta kodi?

Kuna kesi moja ya zamani ambayo wanafunzi wa sheria huijua kwa moyo. Mwaka wa 1902, Mfalme Edward VII wa Uingereza alikuwa karibu kutawazwa. Bwana mmoja aitwaye Henry alikubali kukodi vyumba vya Bwana Krell katika barabara ya Pall Mall, London, kwa siku mbili kwa pauni 75, ili autazame msafara wa mfalme kupitia dirishani. Alitanguliza pauni 25. Mfalme akaugua, msafara ukaahirishwa. Krell akadai salio lake la pauni 50. Mwaka wa 1903 mahakama ya rufaa iliamua kuwa Henry hakupaswa kulipa, kwa sababu msafara ndio uliokuwa msingi wa makubaliano, na msingi ukiondoka jengo haliwezi kusimama.

Wapangaji wengi wangependa kuishika kesi hiyo kama ngao. Ugonjwa ulivunja mkataba wa Henry, kwa nini usivunje wetu? Nasikitika kusema kuwa ngao hiyo ni nyembamba. Henry alikodi dirisha la kutazamia mfalme, na mfalme hakupita. Mwalimu wetu alikodi mahali pa kulala, na alilala. Kilichoondoka ni mshahara wake, na mshahara haukuwa sehemu ya makubaliano yake na mama. Mwaka wa 1981 majaji wakuu wa Uingereza walikiri kuwa hata ukodishaji wa jengo unaweza kuvunjika kwa njia hiyo, lakini wakatahadharisha kuwa hilo litatokea kwa nadra mno.

Sheria yetu ya Ardhi nayo inatambua majanga, ila ni majanga ya mawe na mbao. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, dhoruba au tetemeko hata isifae kukaliwa, na kosa si la mpangaji, kodi au sehemu yake husimamishwa. Maradhi hayabomoi ukuta. Kirusi cha korona kiliacha kuta zote sita za ploti yetu zikiwa imara na kubomoa mifuko ya waliokuwa ndani. Kwa hivyo jibu la haki, japo chungu, ni kwamba deni lilikuwa deni. Janga halikulifuta.

Lakini hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kuwa mtu anayedaiwa amepoteza kila kitu. Deni humpa mwenye nyumba haki ya kudai. Halimpi haki ya kudhalilisha. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Nisije nikaonekana kama ninayewatetea wapangaji na kuwasahau wengine, niseme pia habari za mama. Nchi hii wenye nyumba si wote mabwanyenye. Wako walimu wastaafu waliojenga vyumba vinne kwa kiinua mgongo chao. Wako wajane kama mama. Wako waliojenga kwa mkopo wa chama cha ushirika, na chama hakikuugua korona. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, lakini kifungu cha 21 kinaikabidhi dola wajibu wa kutunga sheria na sera za kuitimiza haki hiyo. Mzigo huo haukukusudiwa kutuama juu ya mabega ya mama mmoja mwenye vyumba sita.

Na tazama jinsi dola ilivyoubeba. Mnamo Machi 18, 2020, Benki Kuu ilitangaza utaratibu wa kuwapa nafuu wenye mikopo, ili mtu akubaliane upya na benki yake, hata kuongezewa muda wa kulipa hadi mwaka mmoja. Mwenye deni la benki aliwekewa meza ya mazungumzo. Mwenye deni la nyumba aliachwa na wakala mlangoni. Afrika Kusini ilisimamisha kufukuza wapangaji tangu Machi mwaka huo huo. Uingereza ilirefusha ilani kuwa ya miezi mitatu. Marekani nayo iliweka katazo mnamo Septemba 2020, hadi Mahakama Kuu Zaidi ya huko ilipoliondoa Agosti 2021. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo tatu iliyofuta kodi kwa katazo hilo. Zilichofanya ni kununua wakati, kwa kuwa zilifahamu kuwa mtu hawezi kutii amri ya kukaa nyumbani ilhali hana nyumba.

Hapa kwetu ulikuwako mswada katika Bunge la Seneti mwaka wa 2020 kuhusu kukabiliana na majanga ya maradhi. Ulipendekeza jambo la busara: mpangaji aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya janga amwandikie mwenye nyumba, kisha wawili hao waafikiane jinsi deni litakavyolipwa baadaye. Haukuwahi kuwa sheria. Mwaka wa 2021 ukaja mswada mwingine wa kuziunganisha zile sheria tatu kongwe ziwe moja. Huo nao haukufika mwisho wa safari. Maradhi yalipopungua, hamu ya kutunga sheria ilipungua pamoja nayo.

Waliopinga walikuwa na hoja. Walisema kuwa ukimlegezea mpangaji kamba, hata mwenye uwezo atajificha nyuma ya janga. Sikatai kuwa wapo wa namna hiyo. Mama aliwapata wawili, na mmoja alihama usiku na balbu zetu. Hata hivyo, dawa ya ulaghai ni ushahidi. Mpangaji aonyeshe barua ya kusimamishwa kazi au ya shule kufungwa. Mwenye nyumba aonyeshe mkopo wake. Mlaghai hapendi karatasi, na mkweli haiogopi.

Nawageukia wanafunzi. Vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020, wengi wenu mliondoka kwa siku chache mlizopewa, mkaacha magodoro, vitabu na majiko katika vyumba vya kukodi nje ya chuo. Mkifikiri mtarudi baada ya mwezi, mlirudi baada ya miezi mingi na kukuta kufuli mpya na deni la muda wote ambao hamkuwapo. Wapo walionijia ofisini wakilia. Kila mmoja nilimuuliza swali moja: "Ulimwandikia mwenye nyumba kuwa unahama?" Karibu wote walisema hapana. Laiti wangaliandika ilani ya mwezi mmoja tu, hata kwa ujumbe wa simu unaohifadhika, wangalikuwa na pa kusimama. Chumba ambacho hujakirudisha ni chumba unachokihesabiwa, ulale humo usilale. Kwa upande mwingine, wenye vyumba waliouza magodoro yale kulipia deni, bila dalali na bila utaratibu, walikosea zaidi yao.

Na wengi wa vijana hao walikuwa wametia sahihi mikataba ya Kiingereza ambayo hawakuielewa, wao wasomi wa chuo kikuu! Sembuse mama muuza mboga? Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini mtu anayetaka kujua kama anaweza kung'olewa mlango yampasa aisome sheria kwa lugha ya waliotutoza kodi ya vibanda. Nionavyo mimi, haki isiyosomeka na mwenye haki ni nusu ya haki. Idara zetu za Kiswahili, yangu ikiwamo, zina wataalamu wa tafsiri na istilahi ambao wangeweza kuandaa mkataba sahili wa upangaji kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, wenye kueleza ilani, amana, na njia ya kufuatwa mambo yakiharibika. Hiyo ni kazi ya muhula mmoja, na haihitaji mswada.

Bunge nalo lina deni lake. Kiwango cha Sh2,500 kifanywe kiendane na kodi za leo. Sheria ya upangaji iwe na sura juu ya majanga ya aina zote: ilani irefushwe, mazungumzo yawe ya lazima kabla ya mtu kupelekwa mahakamani, na mwenye nyumba mdogo apewe nafuu ya ushuru au ya mkopo kwa kiasi cha kodi aliyoivumilia. Wakati wa kuandika sheria ya mvua ni kiangazi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa wapangaji wengi katika vyumba vyao huko Mathare na Mukuru, nasi tulikuwa bado hatujaandika.

Nimalize na habari ya ule mlango. Niliurudisha siku ile ile, mimi na fundi, naye mpangaji akatushikia misumari. Kisha tuliketi, mama, mwalimu na mimi, barakoa zikiwa usoni, tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili. Tulikubaliana kwamba tangu Julai hadi shule zifunguliwe atalipa nusu, yaani Sh2,250, na nusu nyingine mama ataisamehe. Zile Sh13,500 za nyuma zitabaki deni, atalipa Sh1,500 kila mwezi akirudi kazini. Aliuza mboga kando ya barabara, akalipa nusu yake. Shule zilifunguliwa Januari 4, 2021. Kufikia Septemba mwaka huo alikuwa amemaliza miezi tisa ya deni, bila kuruka hata mmoja.

Karatasi ile ingali katika kabati la mama. Haina mhuri wa wakili. Ina sahihi tatu na doa la chai. Wahenga walituonya tusiandikie mate na wino ungalipo. Tulipoandika kwa wino, mama alipata kodi yake na mwalimu alipata mlango wake. Yule wakala hakuandika lolote, na alichoambulia ni kuwafundisha watoto wawili kulala nyuma ya pazia. Namwomba msamaha mwalimu yule, kwa ule mlango, na kwa kicheko changu cha Machi.